Sheria za Marekani na Kinyungu cha Mama

Sheria za Marekani nilizijua kabla ya kuijua hata moja ya Tanganyika. Nilikuwa darasa la kumi katika shule ya bweni pale Iringa, miaka ya hamsini, na somo la historia lilitutaka tujue nani alimkasirikia nani huko ng'ambo karibu miaka mia mbili kabla hatujazaliwa. Mtihani ungetoka Uingereza kwa meli, umefungwa kwa lakiri, na huko Uingereza hakukuwa na mtu aliyehangaika kuuliza habari za Uhehe.

Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza kijana, soksi zimevutwa hadi magotini. Aliwapenda Wamarekani vile mtu anavyompenda mpwa mtundu: anamkaripia, lakini macho yanacheka. Alipofika kwenye Sheria ya Stempu sauti yake ilitetemeka kabisa. Mwaka 1765, alisema, serikali ya London ililazimisha kila karatasi yenye maana kule makoloni ibandikwe stempu ya kulipia: hati za mahakama, magazeti, hata karata za kuchezea. Walowezi wakaona wameonewa, kwa sababu hawakuwa na mjumbe wao katika Bunge lililowatoza. Wakavunja nyumba za watu, wakawatia watoza kodi hofu ya roho zao, na miaka michache baadaye wakamwaga shehena nzima ya chai baharini. Sisi tuliinama tukaandika kwamba kutozwa kodi bila kuwakilishwa ni dhuluma.

Mimi huku naandika namfikiria baba yangu mdogo. Yeye aliwahi kufungwa kamba mkononi kwa ajili ya kodi ya kichwa, akapelekwa kuponda kokoto za barabara, na mjumbe wake katika baraza lolote la kutunga sheria alikuwa hajazaliwa. Hakumwaga chai ya mtu. Alirudi nyumbani na malengelenge, na hakuna mtoto wa Uingereza aliyewahi kufanyishwa mtihani juu ya malengelenge hayo. Nilimchukia mwalimu wangu kwa sauti yake ile ya kutetemeka, na bado namchukia kidogo.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa Msafwa kutoka milima ya Mbeya, mtu wa maneno machache. Siku ile alinyoosha mkono.

"Mwalimu, hao watu mashamba walipata wapi?"

"Kwa mikataba," mwalimu akajibu, akafurahi kuulizwa.

Ndipo ikaja mikataba. Tangazo la Mfalme la mwaka 1763: mfalme alipiga mstari juu ya milima akasema mzungu asivuke kwenda magharibi, huko ni kwa wenyeji. Wakavuka. Mkataba wa Paris wa mwaka 1783: Waingereza na Wamarekani walimaliza vita vyao, wakagawana nchi mpaka kwenye mto mkubwa uitwao Misisipi, na wenyeji wa nchi hiyo hawakupewa hata kiti cha kukalia mlangoni. Halafu Sheria ya Kaskazini-Magharibi ya mwaka 1787, ambayo mwalimu aliipenda kuliko zote. Humo waliandika kwamba wenyeji watatendewa kwa uaminifu kamili siku zote, na kwamba ardhi yao haitachukuliwa kamwe bila ridhaa yao. Niliipenda sheria hiyo. Nilikuwa kijana, na maneno mazuri yalikuwa bado yananidanganya. Nikaikariri neno kwa neno.

Likizo ya Desemba nikarudi kwetu, milima ya Kilolo, nikakuta waya.

Kwetu, mtu ana mashamba mawili. La kwanza liko mlimani, linangoja mvua. La pili ni kinyungu, bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi unaobaki na unyevu kiangazi kizima. Mlima unapokuwa mkavu na watu wa mlimani wanahesabu mahindi ya mwisho ghalani, mwenye kinyungu anakula mahindi mabichi, maharage na maboga. Baba alikufa nikiwa mdogo. Tangu hapo kinyungu cha mama ndicho kilichotulisha kila mwaka kuanzia Septemba, na ziada yake ndiyo iliyonipeleka shule. Bila kinyungu, mama angekuwa mjane wa kuombaomba kwa shemeji zake, na mama hakuwa na kipaji cha kuomba.

Waya ulipita juu ya bonde, upande wa kijiji. Setla wa shamba la pareto alikuwa anataka kujenga bwawa la ng'ombe. Wanawake walikuwa wameruhusiwa kuvuna yaliyosimama, wakaambiwa basi, wasirudi tena.

Setla huyo alikuwa mtu mkubwa mwekundu aliyekuja baada ya vita. Shamba hakulianzisha yeye. Lilianzishwa na Mjerumani zamani, na Mjerumani hakulinunua: alikopeshwa na wazee wetu, akiwemo babu yangu. Sheria ya kukopesha ardhi kwetu ilikuwa fupi na hakuna aliyehitaji kuikariri. Anayeomba shamba hapewi karatasi. Analima, anavuna, na baada ya mavuno anapika ugimbi, pombe ya ulezi, anaupeleka kwa mwenye shamba mbele ya watu. Mwenye shamba anakunywa kwanza. Akishakunywa, kila aliyepo anajua mambo mawili: shamba ni la huyu aliyekunywa, na yule aliyeleta atalima tena mwaka ujao. Mwenye shamba akikataa kunywa, mkopaji anaelewa kwamba amalize mavuno yake ahame. Hakuna kelele, hakuna mahakama. Na lazima iwe ugimbi. Ulanzi haukubaliki, kwa sababu ulanzi mianzi inautoa yenyewe, mtu kazi yake ni kukinga tu, na shukrani isiyomtoa mtu jasho wazee waliiona ni matusi.

Mjerumani alilielewa hilo. Mke wa mpishi wake alimpikia ugimbi kila mwaka na yeye mwenyewe aliuleta. Kisha Wazungu wakapigana wao kwa wao, Mjerumani akachukuliwa, na serikali ikalitoa shamba kwa huyu mwekundu, kama ilivyokuwa Paris: waliokaa mezani waligawana vya wasiokuwepo. Mwekundu hakujua habari za ugimbi. Lakini kila Krismasi alichinja dume la ng'ombe akawapa watu wa kijiji. Yeye aliona anafanya sadaka. Wazee walikaa wakashauriana wakaamua kwamba dume ni ugimbi wa kizungu. Wakala nyama yake kwa heshima, wazee kwanza, na kila mwaka walirudi nyumbani na uhakika kwamba mzungu amekiri tena kuwa shamba si lake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Marekani nako kuna kabila lililowekeana mkataba na serikali ile changa, na serikali ikaahidi kutoa vitu kila mwaka, vitambaa vikiwemo. Kabila lilipokea kitambaa kila mwaka likaona mkataba ungali hai. Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha, nikawaona wazee wetu na nyama mikononi.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wa ardhi baada ya baba kufa. Nilimkuta ametulia kabisa.

"Kamwene, baba," nilimsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Umeona waya?"

"Nimeona. Mtafanya nini?"

"Tunamfukuza," akasema, kama mtu anayesema kesho atakwenda gulioni. "Krismasi akileta ng'ombe, hatukuli."

Mpango wote ulikuwa huo. Nikamwambia tuandike barua kwa Bwana Shauri, mzungu wa serikali pale Iringa aliyesikiliza mashauri ya watu. Nikamwambia kwamba mzungu haelewi kufukuzwa kwa nyama. Baba mdogo alinitazama kwa huruma.

"Mjerumani alielewa. Huyu ni mjinga kuliko Mjerumani?"

Krismasi ikafika. Tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa setla, kijiji kizima, wazee mbele na makoti yao ya jeshi. Dume lilikuwa limeshachinjwa, nyama imepangwa juu ya majani ya migomba, harufu ya maini ya kuchoma inatembea. Watu walikuwa hawajala nyama tangu Pasaka. Setla alitoka kibarazani akatutakia heri kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. Baba mdogo akaenda mbele, akaitazama nyama, akakunja mikono kifuani, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Mwaka huu hatuli."

Kisha tukageuka. Nilisikia matumbo ya watu. Mtoto mmoja alilia hadi nyumbani, na mama yake alimziba mdomo kwa kanga kwa sababu kulilia nyama ile kulikuwa sawasawa na kumbakiza mzungu.

Setla alimuuliza nyapara wake watu hawa wana nini. Nyapara alikuwa mtu wa kwetu, alijua vizuri sana, na alijua pia mshahara wake unatoka wapi. Akamwambia watu wamefunga kwa ajili ya dini. Setla akasema vizuri, akaipeleka nyama Iringa kwa mwenye bucha, na tangu hapo hakuchinja tena. Ndiyo hati ya kufukuzwa iliyomwokolea mfukuzwa ng'ombe mmoja kwa mwaka.

Wazee wakangoja avune pareto yake ahame.

Nilirudi shule nikiwa na jambo la kumwambia mwalimu. Nilimfuata baada ya kipindi nikamweleza bonde, waya na wanawake. Nikamwambia kwamba ile sheria ya mwaka 1787 ingetufaa sana, ile ya ardhi kutochukuliwa bila ridhaa. Alinisikiliza huku akifuta ubao. Aliniambia kwamba nimeielewa vizuri, na kwamba niwe mwangalifu: historia ni mambo yaliyokwisha, yasiyokwisha yanaitwa siasa, na siasa haina maksi. Nikamuuliza kama Wamarekani waliifuata sheria ile. Akasema kwa jumla, hapana. Akasema hivyo kwa utulivu, akapangusa chaki mikononi akaenda kunywa chai. Karatasi yangu juu ya sheria hiyo aliipa alama ya juu kabisa darasani.

Juni ilipofika setla alikuwa hajahama, alikuwa anaongeza ng'ombe. Baba mdogo alikasirika kwelikweli sasa, hasira ya mtu aliyeona mwenzake hana adabu, na hapo ndipo akakubali twende kwa Bwana Shauri.

Bwana Shauri alifanya baraza chini ya turubai. Alijua Kiswahili cha vitabu, safi kuliko chetu. Akakunjua ramani ya tangu enzi za Mjerumani, akaonyesha kwamba mpaka wa shamba ni kijito, na kijito kinapita ng'ambo ya vinyungu. Kwa hiyo vinyungu vimo ndani.

"Hapana," akasema baba mdogo. "Mjerumani tulimkopesha ardhi kavu. Ardhi ya maji haikopeshwi, ile ni ya wamama. Hata yeye hakulima huko siku moja."

"Ramani inasema kijito."

"Ramani hiyo ilichorwa nani akiwepo?"

Bwana Shauri akaanza kuikunja ramani. Nikasimama mimi, na shati langu la shule, nikamsomea Sheria ya Kaskazini-Magharibi kwa Kiingereza, neno kwa neno. Wazee walinitazama kwa fahari kubwa bila kuelewa kitu. Bwana Shauri alinisikiliza hadi mwisho, akapiga makofi mara mbili tatu taratibu.

"Vizuri sana. Lakini hiyo ni sheria ya Marekani. Hapa si Marekani."

"Kule mliandika kwamba walowezi walionewa kwa kodi ambayo..."

"Kaa chini, kijana."

Nikakaa. Lakini baba mdogo hakukaa. Akauliza swali lake tena, lile la nani alikuwepo, akauliza tena, na tena, bila kupandisha sauti, mpaka Bwana Shauri akachoka. Siku zile serikali ilikuwa na woga. Kuna watu wa kaskazini waliokuwa wamepeleka kilio cha ardhi yao hadi Umoja wa Mataifa, na kila ofisi ilikuwa inaogopa kuwa ya pili. Akatuambia twende Mbeya, kwa bwana mkubwa wa jimbo.

Tukaenda Mbeya juu ya lori la mpunga, mimi na baba mdogo, vumbi la Usangu limetugeuza rangi. Bwana mkubwa hatukumwona. Alituona msaidizi wake, kwenye ofisi yenye moto wa kuni na mbwa aliyelala mbele yake. Baba mdogo alimtazama sana yule mbwa. Lakini msaidizi yule, sijui aliamka upande gani siku hiyo, alitusikiliza. Akaandika. Akasema Januari atakuja mpimaji kutoka Mbeya kusimama bondeni na kuuliza wazee swali moja tu: bonde hili lilipata kuwa la mwenye shamba, ndiyo au siyo? Wakisema siyo, wote kwa sauti moja, mpaka utapandishwa hadi penye ardhi kavu, na waya utang'olewa.

Sijawahi kusafiri kwa raha kama safari ile ya kurudi. Nilikuwa nimelala juu ya magunia matupu nikiona kwamba nimewazidi Wamarekani wote, wale waliovunja sheria na wale waliotungiwa. Baba mdogo aliniuliza kama huyo mpimaji anakula kuku.

Kilichobaki kilikuwa kungoja Januari. Na kusubiri ndiko kulikotumaliza, kwa sababu kati ya Juni na Januari kuna njaa.

Mimi nilirudi shule. Mama alibaki na ghala lenye panya. Julai, wakati wa kuanza kulima vinyungu, alivaa kanga yake nzuri akaenda kwa setla peke yake. Alimwomba alime kipande chake mpaka hapo bwawa litakapojengwa. Mkewe setla alikuwa anapenda maharage mabichi. Setla akasema lima, mama, hakuna neno. Akafunguliwa waya, akapita.

Niliporudi Desemba nilikuta tumeshiba. Nilikuta pia mtungi.

Ulikuwa umekaa pembeni ya jiko, mkubwa, umefunikwa jani, unatoa povu. Ugimbi. Ulezi wake mama alikuwa ameuotesha na kuukausha na kuusaga mwenyewe, mgongo umemuuma wiki nzima.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya mzungu."

Nikafikiri anatania. Mama hakuwa mtu wa utani.

"Mama, lile bonde ni letu."

"Najua."

"Sasa ugimbi wa nini? Mwezi ujao mpimaji anakuja. Ukimpelekea ugimbi, umesema bonde ni la kwake!"

"Nilimwomba," akasema. "Akanipa. Nikalima, nikavuna, nikala, na wewe umekula jana. Nisipopeleka mimi ni nani? Mwizi?"

"Yeye ndiye mwizi!"

"Hiyo ni ya kwake na Mungu wake. Mimi mkono yangu iko safi."

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia kwamba mzungu hajui ugimbi maana yake nini, kwamba ataona ni zawadi ya Krismasi tu, kwamba hakuna atakayejua. Nilimweleza Marekani yote, mkataba mmoja baada ya mwingine, jinsi watu wakubwa wenye kalamu na mihuri walivyovunja walichokiandika kabla wino haujakauka, na hakuna aliyeungua midomo. Yeye alinisikiliza huku anachuja. Nilipomaliza akanyanyua mtungi kichwani, akatoka. Nikamfuata nikiwa na hasira ya kutaka kulia.

Setla alikuwa kibarazani. Mama alipiga magoti kama inavyopasa, akaweka mtungi chini, akachota kwa kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Nje ya ua kulikuwa na watu wa kijiji wanaotoka kuchuma pareto, wakasimama. Setla alinusa. Akamkonyeza mkewe aliyekaa pembeni. Akanywa funda moja, akakunja uso, akasema, "Asante sana, mama," akarudisha kibuyu.

Hakuna mwanasheria London aliyemfanyia yule mtu kazi kama ile. Ramani ya Mjerumani ilikuwa karatasi tu, na watu wetu hawakuiheshimu hata kidogo. Sasa alikuwa amepata hati ya kweli, mbele ya mashahidi, kutoka kwa mwenye bonde mwenyewe, na aliona ametendewa wema na mama mmoja mshamba. Mimi nilimtazama akipangusa mdomo. Sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau, na ni dharau isiyokuwa na faida yoyote, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda bila hata kujua kwamba alikuwa anashindana.

Januari mpimaji alikuja kama alivyoahidiwa. Alikuja na mikebe yake na miti yake ya rangi nyekundu na nyeupe, akasimama bondeni, akawauliza wazee swali lile moja. Lilikuwa swali rahisi kuliko yote niliyopata kuulizwa shuleni. Siyo. Neno moja, na waya unang'oka.

Wazee wakatazamana. Baba mdogo akajikohoza.

"Zamani halikuwa la kwake," akasema. "Sasa ni la kwake."

Mpimaji akakodoa macho. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Ameletewa, amekunywa. Watu waliona."

Nikaruka mbele nikasema kwamba huyu mzee anasema mambo ya desturi tu, hayahusiani na mpaka. Baba mdogo akageuka, na sauti yake haijawahi kunikalia vibaya kama siku ile.

"Mwanangu, unataka tuseme uwongo juu ya ugimbi?"

"Nataka mseme neno moja!"

"Mama yako alimpa mbele ya watu. Tukikana leo, kesho nani atamkopesha mwenzake shamba hapa? Tutaishi na sheria gani?"

Nikawatazama mmoja mmoja, na makoti yao ya jeshi yaliyochanika. Walikuwa wamekwenda kuponda kokoto, wamejinyima nyama ya Krismasi, mmoja wao amepanda lori hadi Mbeya, vyote kwa ajili ya bonde hili. Na sasa walikuwa wanalitoa, kwa moyo mweupe, kwa sababu mzungu amepiga funda moja asilolijua. Niliwaona wapumbavu. Nilisema kwa sauti, na hakuna aliyenipiga. Nilikuwa nimefundishwa mabunge mawili na wafalme kadha wa kadha, na katika historia ile yote hakukuwa na watu walioishika sheria yao ikiwaumiza wenyewe. Ilinibidi nije kuwakuta kwetu, na niliona aibu kwa ajili yao.

Mpimaji aliandika kwamba wenyeji wamekiri. Aliandika haraka, kabla hawajabadili mawazo, kumbe angeweza kuchukua mwaka mzima. Akapeana mikono na kila mzee, akakubali kuku, akarudi Mbeya.

Nilirudi shuleni mwaka wa mwisho. Sitaki kusema mengi juu ya mtihani. Liliulizwa swali juu ya mikataba, nikaandika kurasa na kurasa, nikafaulu vizuri sana.

Kabla ya mtihani huo, likizo ya Juni, nilikuwa nimerudi nyumbani nikiwa nimebeba sabuni na chumvi. Niliposhuka mlimani niliona trekta bondeni. Lilikuwa limekwisha kata udongo ule mweusi kutoka kijito hadi waya, matuta ya mama yamegeuzwa chini juu, mabua na mizizi ya maboga imelala nje inakauka. Bwawa lilikuwa limeshaanza kuchimbwa. Mama alikuwa anapanda njia kuja nyumbani, jembe begani, halina tope.

Nilikimbia nikamfikia.

"Nani amekufukuza, mama? Ni nyapara? Ni mwenyewe?"

Alihamisha jembe bega la pili, akanitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto.

"Hakuna mtu amenifukuza," akasema. "Mwenye shamba ametaka shamba yake."